Kati ya "NATO ilisogea" na "himaya haikukubali kufa": tuchague maelezo yapi ya uhasama wa Urusi na Magharibi?

Msomaji anayefuatilia sera ya mambo ya nje ya Urusi hukutana na maelezo mawili yanayoshindana kuhusu sababu ya nchi hiyo kugombana na madola ya Magharibi. Maelezo ya kwanza yanasema kwamba Marekani na washirika wake waliipanua jumuiya yao ya kijeshi, NATO, hadi mlangoni pa Urusi, wakayapuuza malalamiko ya Moscow kwa takriban miaka thelathini, na kwamba vita vya Ukraine ni jibu la dola kubwa iliyobanwa hadi ikakosa pa kurudi nyuma. Maelezo ya pili yanasema kwamba chanzo kimo ndani ya Urusi yenyewe, yaani katika dola iliyozoea kuwatawala majirani zake, na katika utawala unaohofu kwamba jirani akifaulu kuishi kwa mfumo mwingine wa siasa, raia wa Urusi nao wataanza kuuliza maswali. Msemaji anayejulikana zaidi wa upande wa kwanza ni John Mearsheimer wa Chuo Kikuu cha Chicago. Upande wa pili una wengi, akiwamo Michael McFaul, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Moscow kuanzia 2012 hadi 2014.

Uchaguzi kati ya maelezo haya una uzito kwa sababu kila moja linazaa ushauri wake. Anayekubali la kwanza atasema kwamba vita vitakwisha siku Ukraine itakapoahidi kutojiunga na NATO. Anayekubali la pili atasema kwamba ahadi hiyo, hata ikiandikwa na kutiwa mihuri yote ya dunia, haitamtosha anayeidai. Kwa hiyo haitoshi kusema, kama wengi tunavyopenda kusema ili tuepuke mabishano, kwamba pande zote mbili zina ukweli wake. Zina ukweli wake, ndiyo, lakini mtu akiulizwa afanye nini hawezi kufuata njia mbili zinazoachana.

Kipimo ninachotumia ni hiki: kila maelezo nayauliza yangetabiri nini kabla ya tukio, kisha natazama kilichotokea. Maelezo yanayofafanua kila jambo baada ya kutokea ni kama ramli isiyokosea kwa sababu husomwa kesho yake.

Hoja ya kusogelewa

Hoja ya kwanza huanzia mjini Moscow tarehe 9 Februari 1990, pale James Baker, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipomwambia Mikhail Gorbachev kwamba Ujerumani ikiungana na kubaki ndani ya NATO, mamlaka ya jumuiya hiyo hayatasogea hata inchi moja upande wa mashariki. Maneno hayo yalisemwa. Kumbukumbu za mazungumzo zipo. Ila hayakuandikwa katika mkataba wowote. Mkataba wa kuiunganisha Ujerumani uliotiwa saini tarehe 12 Septemba 1990 ulizuia majeshi ya kigeni na silaha za nyuklia katika eneo lililokuwa Ujerumani Mashariki, na haukutaja Poland, Hungary wala nchi nyingine yoyote. Gorbachev mwenyewe alisema mwaka 2014 kwamba suala la kupanua NATO halikujadiliwa wakati ule, kisha akaongeza kwamba upanuzi uliofuata ulikiuka roho ya mazungumzo ya 1990. Kila upande hunukuu nusu ya jibu lake na kuiacha nusu nyingine.

Kinachoipa hoja hii nguvu zaidi kuliko ahadi ya Baker ni kwamba malalamiko hayakuanza na Vladimir Putin. Mnamo Septemba 1993 Boris Yeltsin, rais ambaye Magharibi ilimkumbatia, alimwandikia Bill Clinton barua ya kupinga upanuzi. Mwezi Machi 1999 Poland, Hungary na Jamhuri ya Czech ziliingia NATO, na kabla ya mwezi huo kwisha NATO ilianza kuishambulia Yugoslavia kwa mabomu kwa sababu ya mgogoro wa jimbo lake la Kosovo, bila idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Waziri Mkuu wa Urusi, Yevgeny Primakov, alikuwa angani kuelekea Washington alipopata habari kwamba mashambulizi yanakaribia kuanza. Aliamuru ndege igeuzwe juu ya bahari ya Atlantiki. Mtu huyo hakuwa dikteta, na hasira yake haikuhitaji nadharia ya himaya ili ieleweke.

Mlolongo ukaendelea. Mwezi Desemba 2001, miezi mitatu tu baada ya Putin kuwa miongoni mwa viongozi wa kwanza kumpigia simu George W. Bush kumpa pole kwa mashambulizi ya Septemba 11, Marekani ilitangaza kujitoa katika mkataba wa 1972 uliozuia mifumo ya kujikinga na makombora. Mwaka 2004 nchi saba ziliingia NATO kwa mkupuo, zikiwamo Estonia, Latvia na Lithuania, ambazo zilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti. Februari 2007 Putin alisimama mbele ya mkutano wa usalama wa Munich na kuishutumu waziwazi dunia inayoongozwa na dola moja. Mwaka uliofuata balozi wa Marekani mjini Moscow, William Burns, ambaye baadaye aliongoza shirika la ujasusi la CIA, aliwaandikia wakubwa wake kwamba suala la Ukraine kuingia NATO ni mstari usiovukwa, si kwa Putin peke yake bali kwa tabaka zima la watawala wa Urusi. Miezi miwili baadaye, Aprili 2008, mkutano wa NATO mjini Bucharest ulitangaza kwamba Ukraine na Georgia zitakuwa wanachama, bila kuzipa ratiba wala ulinzi, kwa kuwa Ujerumani na Ufaransa zilipinga hatua rasmi ya kuzikaribisha. Nadhani huo ndio uamuzi mbaya kuliko yote katika historia hii, na anayechagua maelezo yoyote kati ya mawili anaweza kukubaliana nami: ulimkasirisha mwenye nguvu na haukumkinga mnyonge.

Hoja ya himaya

Hoja ya pili haihitaji kukanusha lolote kati ya hayo. Inauliza tu kwa nini malalamiko hayo yaligeuka kuwa vita dhidi ya Ukraine, nchi ambayo haikuwa mwanachama wa NATO, na si dhidi ya Estonia, ambayo ni mwanachama.

Jibu lake huanza na Moldova, mfano ambao husahaulika kwa sababu nchi yenyewe ni ndogo. Katiba ya Moldova ya mwaka 1994 inatamka kwamba nchi hiyo haifungamani na upande wowote na hairuhusu majeshi ya kigeni katika ardhi yake. Hata hivyo, wanajeshi wa Urusi wamebaki katika Transnistria, eneo la Moldova lililojitenga, tangu Umoja wa Kisovieti uvunjike, ijapokuwa katika mkutano wa Istanbul wa mwaka 1999 Urusi iliahidi kuwaondoa kabla ya 2002 kwisha. Ikiwa kutofungamana ndiko kunakotafutwa, Moldova ilikwisha kukutoa.

Kisha kuna ahadi zilizovunjwa na Urusi, ambazo upande wa kwanza huzipita haraka. Tarehe 5 Desemba 1994 mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza zilitia saini hati ya kuheshimu mipaka ya Ukraine, nayo Ukraine ikakubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika. Ahadi ya Baker ilikuwa ya mdomo. Hii iliandikwa na kutiwa saini.

Lakini ushahidi ulio mzito zaidi wa upande huu ni maneno ya Putin mwenyewe. Mwaka 2005 aliuita uvunjikaji wa Umoja wa Kisovieti janga kubwa la kisiasa la karne. Julai 2021 alichapisha makala ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni taifa moja na kwamba Ukraine ya sasa ni zao la enzi ya Kisovieti. Katika hotuba yake ya tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, alitaja NATO na makombora, lakini alianza na Lenin na jinsi Wabolsheviki walivyoiunda Ukraine. Mwezi Juni mwaka huo alijifananisha na Tsari Peter Mkuu, akisema kwamba Peter hakunyakua ardhi ya Wasweden bali aliirudisha. Na tarehe 30 Septemba 2022 alitangaza kwamba mikoa minne ya Ukraine, yaani Donetsk, Luhansk, Zaporizhzhia na Kherson, ni sehemu ya Urusi. Anayetaka tu kuzuia jirani asiingie katika jumuiya ya kijeshi hana haja ya kuandikisha miji ya jirani huyo katika katiba yake.

Kuna tawi la pili la hoja hii, linalohusu hofu ya utawala. Mapinduzi ya umma ya Georgia mwaka 2003 na ya Ukraine mwaka 2004, kisha maandamano makubwa ya Moscow yaliyoanza Desemba 2011, yaliifanya Kremlin, yaani ikulu ya Urusi, iamini kwamba uchaguzi wa jirani ni silaha ya Magharibi. Ninalitaja tawi hili kwa tahadhari, kwa kuwa nitaonyesha hapa chini kwamba lina udhaifu.

Kupima kwa matukio

Tuanze na Crimea, rasi ya kusini mwa Ukraine, kwani ndiko maelezo ya kwanza yanakopata taabu kubwa zaidi. Mwaka 2010 bunge la Ukraine lilipitisha sheria ya kutojiunga na kambi yoyote ya kijeshi, na mwaka huohuo Urusi ilipewa haki ya kuendelea kuziweka manowari zake katika Sevastopol, bandari ya Crimea, hadi 2042. Mgogoro uliozuka Novemba 2013 haukuhusu NATO hata kidogo: Rais Viktor Yanukovych alikataa kutia saini mkataba wa ushirika na Umoja wa Ulaya, unaohusu biashara na sheria, waandamanaji wakajaa katika uwanja wa Maidan mjini Kyiv, naye akakimbia Februari 2014. Urusi iliinyakua Crimea mwezi Machi, sheria ya kutofungamana ikiwa bado inatumika. Ilifutwa Desemba, baada ya tukio. Watetezi wa maelezo ya kwanza hujibu kwamba Moscow iliogopa serikali mpya ingezifukuza manowari zake na kuikaribisha NATO Sevastopol, na Putin alisema hivyo. Jibu hilo lina maana, ila linageuza hoja: kutoka "tulisogelewa" kuwa "tulidhani tungesogelewa siku moja".

Mtihani wa pili ni Finland. Nchi hiyo ilijiunga na NATO tarehe 4 Aprili 2023, ikiwa na mpaka wa kilomita 1,340 hivi na Urusi, jambo lililouongeza mpaka wa nchi kavu kati ya Urusi na NATO zaidi ya mara mbili, karibu na mji wa Saint Petersburg aliozaliwa Putin. Mei 2022 Putin alikuwa amekwisha kusema kwamba kuingia kwa Finland na Sweden si tishio la moja kwa moja, isipokuwa miundombinu ya kijeshi ikipelekwa huko. Baadaye Urusi ilipanga upya majeshi yake ya kaskazini-magharibi, lakini hapakuwa na kitu kinachofanana na yaliyoipata Ukraine. Anayetetea maelezo ya kwanza hujibu kwamba Finland si Ukraine. Hakika si Ukraine. Lakini hapo kinachobeba mzigo wa maelezo si NATO tena bali ni Ukraine yenyewe, na sababu ya Ukraine kuwa tofauti machoni pa Moscow ndiyo ile inayosemwa na upande wa pili.

Hata hivyo upande wa pili nao una mtihani wake, nao ni Armenia. Mwaka 2018 maandamano ya umma yalimwondoa mtawala wa Armenia na kumleta Nikol Pashinyan madarakani. Kama Kremlin inaogopa demokrasia ya jirani kwa sababu tu ni demokrasia, ilipaswa kuyazuia mageuzi yale, hasa kwa vile ina kambi ya kijeshi katika mji wa Gyumri. Haikufanya hivyo. Pashinyan alihakikisha mapema kwamba nchi yake itabaki katika jumuiya ya usalama inayoongozwa na Urusi, na Moscow ikatulia. Kwa hiyo tawi la hofu ya demokrasia likisimama peke yake halitoshi. Kinachoitia Moscow hofu ni jirani anayegeuza uso kuelekea Magharibi.

Georgia ya mwaka 2008 ndiyo ushindi mkubwa wa maelezo ya kwanza: miezi minne baada ya Bucharest, vita vya siku tano kati ya Georgia na Urusi. Tume iliyoundwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na Heidi Tagliavini ilisema mwaka 2009 kwamba Georgia ndiyo iliyoanza kuushambulia kwa makombora mji wa Tskhinvali, ulio katika Ossetia Kusini, eneo lililojitenga na Georgia, ila shambulio hilo lilitanguliwa na uchokozi wa muda mrefu, na kwamba jibu la Urusi lilipita kiasi cha kujilinda.

Na mazungumzo ya Istanbul kati ya Urusi na Ukraine, ya Machi na Aprili 2022? Hayo yangeweza kuwa kipimo bora kuliko vyote, maana Ukraine ilikubali kuzungumzia kutofungamana. Yalikwama juu ya mambo mengine: nani ataidhamini Ukraine na kwa utaratibu gani, na jeshi lake libaki na ukubwa upi. Dai la jeshi dogo kwa nchi iliyokubali kutojiunga na NATO linaeleweka kwa urahisi zaidi chini ya maelezo ya pili.

Mtu mmoja, maelezo yote mawili

Wanaodhani kwamba lazima kambi hizi zichukiane wamkumbuke George Kennan. Tarehe 22 Februari 1946, akiwa ofisa katika ubalozi wa Marekani mjini Moscow, alituma waraka mrefu akieleza kwamba uhasama wa Kremlin unatokana na hali ya ndani, hasa hisia ya Warusi ya tangu zamani ya kutokuwa salama, na kwamba mazungumzo matamu ya Magharibi hayataibadili. Mwaka 1997, akiwa mzee wa zaidi ya miaka tisini, mtu huyohuyo aliandika gazetini kwamba kuipanua NATO lingekuwa kosa baya kuliko yote ya sera ya Marekani baada ya Vita Baridi. Sioni mgongano hapo. Kama jirani yako ana donda la ndani, kujua kwamba hukulisababisha wewe si ruhusa ya kulitonesha.

Kwetu Afrika Mashariki, nadhani maelezo ya kwanza hupendwa kwa sababu ambazo hazihusu Ukraine. Wako waliosomeshwa Moscow katika chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, wako wanaokumbuka silaha za Kisovieti katika vita vya ukombozi wa kusini, na wengi wanaikumbuka Libya ya 2011, ambako azimio la kulinda raia lilitumika hadi serikali ikaanguka. Kumbukumbu hizo ni za kweli, lakini zinaihukumu Magharibi. Hazimwambii mtu lolote kuhusu nia ya Urusi kwa Ukraine. Aliyelitenganisha jambo hili vizuri ni Martin Kimani, wakati huo balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, aliyeliambia Baraza la Usalama tarehe 21 Februari 2022 kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon, ikagawa jamaa kwa jamaa, na bado Waafrika walichagua kuishi nayo badala ya kufufua himaya zilizokufa. Katika hotuba hiyohiyo alizilaumu dola zenye nguvu, zikiwamo zilizokaa barazani, kwa kuvunja sheria ya kimataifa. Siku chache baadaye, tarehe 2 Machi, nchi 141 ziliulaani uvamizi katika Baraza Kuu, 5 zikapinga na 35 zikajizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zilikuwa miongoni mwa zilizoulaani. Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia.

Basi tuchague lipi

Kwa anayetaka kuelewa namna uhusiano ulivyoharibika kati ya 1993 na 2008, kwa nini mikataba ya silaha ilibomoka, na kwa nini hata Warusi wasiompenda Putin huiona Magharibi kuwa na ndimi mbili, maelezo ya kwanza ndiyo yatakayomfaa. Yanaeleza vizuri kinyongo, na yanaeleza wakati: kwa nini mwaka huu na si ule.

Kwa anayetaka kuelewa vita vya Ukraine na masharti ya kuvimaliza, nachagua ya pili bila kusita sana. Yanaeleza kwa nini mkataba wa biashara ulitosha kuwasha moto mwaka 2014, kwa nini Finland ilipita salama, na kwa nini mazungumzo, hata baada ya Donald Trump kukutana na Putin huko Alaska Agosti 2025, yameendelea kuzunguka ardhi ya Donetsk na si uanachama wa NATO peke yake. Anayekaa mezani akidhani kwamba bei ni kutofungamana, atashangaa akiletewa ankara nyingine.

Iwapo msomaji bado anasita, Armenia inatupatia kipimo ambacho hakijakamilika. Baada ya Azerbaijan kuitwaa Nagorno-Karabakh, eneo lililokuwa likishikiliwa na Waarmenia, Septemba 2023, walinda amani wa Urusi wakitazama, Armenia ilisitisha ushiriki wake katika jumuiya ya usalama ya Moscow mwaka 2024, na mwaka 2025 bunge lake likapitisha sheria ya kuanza safari ya kuelekea Umoja wa Ulaya. Haijaomba kuingia NATO. Maelezo ya kwanza yanatabiri kwamba Moscow itanung'unika na kuiacha iende. Maelezo ya pili yanatabiri shinikizo la gesi, biashara, siasa za ndani na ile kambi ya Gyumri, hata kama neno NATO halitatajwa kabisa.